Sikio kwanza, jina baadaye: namna ya kuzitambua tamathali na sauti katika shairi

Jioni moja hapa Ujiji kijana wa kidato cha tatu aliniletea daftari lake barazani. Swali alilopewa lilimtaka aeleze jinsi mshairi alivyoitumia lugha. Yeye alikuwa ameorodhesha tamathali za semi 14, kila moja na mstari wake pembeni, kwa mwandiko safi kabisa. Alipata alama 4 kati ya 15. Alikuwa na hasira, na kusema kweli hata mimi ningekuwa nayo, maana nusu ya majina yale aliyapatia.

Nikamwambia, "Hebu nisomee shairi lenyewe kwa sauti."

Akanitazama. "Mwalimu, sijawahi kulisoma kwa sauti. Nimelisoma kwa macho tu."

Basi nilijua tatizo liko wapi. Shairi la Kiswahili lilikuwa la kinywa na sikio kabla halijawa la karatasi. Anayeanza na orodha ya majina (tashibiha, sitiari, tashihisi, takriri) anafanya kama mnunuzi anayefika mwaloni Kibirizi, wanakoshushia samaki, na majina ya samaki kwenye karatasi lakini hajui mgebuka unafananaje. Nilichomfundisha kijana yule kwa wiki tatu ndicho ninachokiandika hapa. Jina la mbinu linakuja mwisho. Kwanza usikie, kisha ushuku, kisha uulize kazi yake, halafu ndipo utaje.

Tutatumia shairi moja fupi nililolitunga mwenyewe kwa ajili ya wanafunzi wangu. Si shairi kubwa, ila lina vitu vingi vya kushika.

Karabai

Jua limeshatoweka, ng'ambo Kongo milimani,
Ziwa limejifunika, buibui la thamani,
Mitumbwi yatiririka, kama siafu njiani,
Karabai zaitana, na ziwa linasikia.

Chubwi! chubwi! kafi zetu, baridi inatukera,
Kusi mgomvi wa watu, latupiga kwa hasira,
Matumbo sita ya kwetu, yangoja ya ziwa kura,
Karabai zaitana, na ziwa linasikia.

Mwezi mpevu sikia, tuachie ziwa letu,
Nuru unotushushia, kufuli la chungu chetu,
Macho yamenimwagia, Malagarasi ya kwetu,
Karabai zaitana, na ziwa linasikia.

Kwa msomaji asiye wa huku: dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa (karabai ni taa ya mafuta). Dagaa hufuata mwanga, nyavu hushushwa chini yao. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima, taa ya mvuvi haina tena la kusema, na kazi husimama kwa siku kadhaa. Ukilijua hilo, nusu ya shairi imeshafunguka. Ndiyo maana huwa nawaambia vijana wasikimbilie kamusi ya istilahi kabla ya kujua shairi linazungumzia kazi gani, ya watu gani.

Hatua ya kwanza: weka kalamu chini

Soma shairi lote kwa sauti, mara mbili. Mara ya kwanza soma tu. Mara ya pili gonga meza kwa kidole kila silabi. Usiandike chochote. Mahali ulimi unapojikwaa, mahali unapotaka kurudia kwa sababu panapendeza, mahali unapocheka au kukunja uso, pakumbuke. Hapo ndipo pana kitu.

Vijana wengi huona haya kusoma kwa sauti. Nenda kando ya ziwa basi, au ukamsomee mdogo wako. Mtoto wa miaka sita ni msikilizaji mzuri kuliko mwanafunzi wa kidato cha nne, kwa sababu atakurudishia mstari uliomnasa. Wa kwangu alizunguka nyumba nzima akisema "chubwi chubwi kafi zetu" hadi mama yake akachoka. Hakujua tanakali sauti ni nini, ila alikuwa ameikamata.

Hatua ya pili: hesabu mizani, tafuta vina

Sasa chukua kalamu. Kila mshororo, yaani mstari, wa shairi letu umegawanyika vipande viwili, na kila kipande kina mizani 8, yaani silabi 8. Ju-a li-me-sha-to-we-ka: nane. Ng'a-mbo Ko-ngo mi-li-ma-ni: nane. Jumla 16. Ubeti wenye mishororo minne huitwa tarbia, nalo ndilo umbo utakalokutana nalo mara nyingi zaidi.

Wanaokosea kuhesabu hukosea karibu wote mahali pamoja, kwenye m na n zinazosimama peke yake. "Mgomvi" ni silabi tatu, m-go-mvi. "Mpevu" pia tatu, m-pe-vu. Lakini "mbali" ni mbili tu, mba-li, kwa sababu hapo m imeshikamana na b. "Mbwa" ni mbili, "nchi" ni mbili, "mwanga" ni mbili. Ukigonga meza hutakosea, maana kidole husikia m ya "mtu" ikisimama yenyewe. Ukihesabu kwa macho utakosea tu.

Vina ni silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande. Ubeti wa kwanza una kina cha kati "ka" (toweka, jifunika, tiririka) na cha mwisho "ni" (milimani, thamani, njiani). Wa pili una "tu" na "ra". Wa tatu una "a" na "tu", lakini sikiliza vizuri kile cha kati: sikia, tushushia, mwagia. Si "a" peke yake inayofanana, ni "ia" nzima. Hapa nina maoni yangu. Vitenzi vyetu vingi huishia na "a", kwa hiyo kina cha "a" tupu ni rahisi mno, hakimgharimu mshairi kitu. Ukiona ameongeza sauti ya pili, ujue amefanya kazi.

Mshororo wa nne hurudiwa kila ubeti bila kubadilika. Huo ni kibwagizo. Wengine huuita kiitikio, wengine mkarara. Tutaurudia baadaye kwa sababu ndio unaowaponyoka watu.

Sheria hizi za vina na mizani zilikuwepo vinywani mwa malenga wa pwani kwa muda mrefu, lakini aliyeziandika zikasomeka na watu wengi alikuwa mtu wa hapahapa. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, na kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri kilitoka mwaka 1954. Miaka michache baadaye akawa Meya wa Dar es Salaam, kisha waziri. Mtu akikwambia ushairi ni mambo ya Lamu na Mombasa peke yake, mtajie huyo.

Sasa tazama mizani inapobana. "Nuru unotushushia": mtaani tungesema "unayotushushia", lakini hiyo ingefanya mizani 9. Mshairi amelifupisha neno, na ufupishaji huo huitwa inkisari. "Yangoja ya ziwa kura": kwa sarufi ya kawaida ni "yangoja kura ya ziwa". Maneno yamepinduliwa ili "kura" likae mwisho na kuleta kina cha "ra". Huko ndiko kuboronga sarufi. Neno "kuboronga" linasikika kama kosa, lakini mshairi anaruhusiwa. Ila usimsifu bure. Jiulize kama kupindua kumeleta kitu zaidi ya kina. Hapa nadhani kumeleta kidogo: "ziwa" linatangulia, "kura" inamalizia, na matumbo yanasubiri hadi silabi ya mwisho. Mwenzangu mmoja alisema ni visingizio vyangu tu. Inawezekana.

Hatua ya tatu: sikiliza sauti zilizomo ndani ya mstari

Vina viko mwishoni, vinaonekana. Sauti za ndani hujificha. Njia bora ya kulinoa sikio ni methali, kwa sababu unazijua kwa moyo na hujawahi kuzichunguza.

Chukua "Haraka haraka haina baraka." Ina irabu 12, na 11 kati ya hizo ni "a". Moja tu ni "i", ile ya "haina", nayo iko pale pale penye kukanusha. Mdomo wako unakimbia wazi, a-a-a-a-a-a-a, kisha unajikwaa kidogo kwenye "i", ndipo unamaliza. Methali inayokataza haraka imetengenezwa kwa sauti zinazokimbia! Hiyo ni takriri ya irabu, yaani kuirudiarudia irabu ileile. Chukua tena "Haba na haba hujaza kibaba": b nne zinadondoka moja moja kama nafaka kwenye kibaba. Hiyo ni takriri ya konsonanti. Na "Chururu si ndo! ndo! ndo!" ina maji mawili tofauti, yanayochuruzika na yanayodondoka, na hakuna hata mahali neno "maji" limetajwa.

Hiyo ya mwisho ni tanakali sauti, neno linaloiga mlio wa kitu. Katika shairi letu ni "Chubwi! chubwi!", kafi likiingia majini. Jaribu kuweka "Pu! pu!" mahali pake uone ulivyohama ziwani na kufika nchi kavu. Kiswahili kina utajiri wa ajabu hapa. Kuna maneno yanayoiga mlio: chubwi, pu, ndo. Kuna mengine yanayoiga hali isiyo na mlio wowote: kimya tuli, nyeupe pe, nyeusi tii, kufunga ndi. Weupe hauna sauti, lakini "pe" inasikika nyeupe, na mtu asiyejua lugha hii hutaweza kumweleza kwa nini. Katika mtihani vitabu vingi huyaweka yote chini ya tanakali, na mimi sigombani navyo, ila ukiandika "mshairi ameiga sauti ya weupe" msahihishaji atakucheka.

Kuna mtego mmoja ambao sijauona ukielezwa vya kutosha madarasani. Lugha yetu inarudia sauti yenyewe, kwa sarufi. "Watoto wadogo wawili wanacheza" ina "wa" nne. "Kikombe kidogo kimevunjika" ina "ki" tatu. Hiyo si takriri ya kishairi, ni upatanisho wa kisarufi, mtu yeyote sokoni Mwanga anasema hivyo akiuliza bei. Kipimo changu ni kuuliza: mshairi alikuwa na njia nyingine? Kwa "kikombe kidogo" hakuwa nayo, "ki" ni lazima. Kwa "haba na haba" alikuwa nayo, angeweza kusema "kidogo kidogo". Palipo na uchaguzi ndipo pana mbinu. Kipimo hiki kikiingia kichwani, orodha yako ya "takriri" itapungua nusu, na itakuwa bora mara mbili.

Hatua ya nne: tafuta uongo

Tumemaliza masikio, sasa akili. Pitia shairi mstari kwa mstari na ujifanye hakimu asiye na mzaha. Kila sentensi iulize: je, hili ni kweli? Lingeweza kutokea kama lilivyosemwa? Pale unapojibu "hapana", piga mstari. Tamathali ya semi ni uongo ambao msemaji na msikilizaji wote wanajua ni uongo, na wote wameukubali.

"Jua limeshatoweka, ng'ambo Kongo milimani." Kweli. Ukisimama Kigoma jioni, jua huzama nyuma ya milima ya Kongo. Hakuna tamathali. Kijana wangu aliandika "tashihisi, kwa sababu jua limetoweka kama mtu". Hapana. Watu wote husema jua limetoweka, limezama, limetua. Maneno hayo yameshazoeleka hadi hakuna anayeona picha ndani yake, kama "mguu wa meza" au "mkono wa saa". Sitiari hizo zimekufa, ziache zipumzike.

"Ziwa limejifunika, buibui la thamani." Si kweli. Ziwa halina mwili wa kujifunika, na hakuna fundi wa kushona buibui la ukubwa ule, kilomita zaidi ya 600 kutoka kaskazini hadi kusini. Tumepata uongo wa kwanza, na ni uongo wa ngazi mbili. Ziwa limepewa tendo la mwanamke anayejistiri jioni: tashihisi. Na hilo buibui ni nini? Ni giza. Lakini neno "giza" halimo katika shairi zima! Kitu kinachofananishwa kimeondolewa, kimebaki kile kinachofananishiwa. Hiyo ndiyo sitiari katika hali yake ya nguvu, inayomwachia msomaji kazi ya kujaza. Ukisema "giza ni kama buibui" umefanya tashibiha. Ukisema "giza ni buibui" umefanya sitiari. Ukisema "ziwa limejifunika buibui" na ukanyamaza, umemwamini msomaji wako.

"Mitumbwi yatiririka, kama siafu njiani." Hapa kuna "kama", na vitu viwili vya aina tofauti: mitumbwi na siafu. Tashibiha. Viunganishi vyake vingine ni mithili ya, sawa na, mfano wa, na katika mashairi ya zamani "ja". Lakini usiione "kama" ukapiga kelele. "Kama mvua ikinyesha" ni sharti. "Walikuja kama watu mia" ni makadirio. "Kama alivyosema bibi" ni rejeo. Na "dagaa wa Kigoma ni kama dagaa wa Mwanza" ni ulinganisho wa kawaida wa samaki kwa samaki (na kwa watu wa huku ni matusi, lakini hilo ni jambo jingine).

Nimewataja siafu kwa makusudi. Saadani Abdu Kandoro, mtu mwingine wa Ujiji na mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954, ana shairi linalojulikana sana ambamo siafu wanamkabili nyoka. Kwa juu ni hadithi ya wadudu. Waliolisoma enzi za ukoloni walijua nyoka ni nani na siafu ni nani. Picha moja inapobeba shairi zima namna hiyo, maana moja juu na nyingine chini, hatusemi tena sitiari ya mstari mmoja. Wengi huiita jazanda. Faida yake wakati ule ilikuwa wazi: afisa wa mkoloni hawezi kumfunga mtu kwa kuandika habari za siafu.

Tuendelee haraka. "Kusi mgomvi wa watu": upepo umeitwa mgomvi bila "kama", sitiari, na hapohapo "latupiga kwa hasira", tashihisi. Mstari mmoja unaweza kubeba mbili, usilazimishe kuchagua. "Matumbo sita ya kwetu": nyumbani hakuna matumbo yaliyokaa yanangoja, kuna watoto sita. Sehemu imesimama badala ya mtu mzima, na baadhi ya vitabu vyetu huiita majazi. "Mwezi mpevu sikia": mvuvi anaongea na kitu kisichoweza kumjibu, hiyo ni ritifaa. "Kufuli la chungu chetu": nuru imekuwa kufuli, sitiari tena. "Macho yamenimwagia, Malagarasi ya kwetu": mto mzima umetoka machoni, mubaalagha, au kwa Kiswahili cha mtaani, chuku.

Kuhusu majina yenyewe, utakuta kitabu kimoja kinaandika tashibiha na kingine tashbiha, kimoja tashihisi na kingine tashhisi au uhuishaji. Tumia lile la kitabu cha darasa lako na usipoteze usingizi.

Kisha kuna semi ambazo ni kweli leo na tamathali kesho. Sisi huitwa "mwisho wa reli". Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, na mbele ya stesheni kuna maji tu, kwa hiyo mtu akisema "Kigoma ni mwisho wa reli" anatoa taarifa. Lakini shangazi akisema kuhusu ndoa ya mtu, "Hawa wamefika mwisho wa reli," hakuna treni hapo. Maneno ni yaleyale. Kinachoamua ni mahali yaliposemwa, na ndiyo sababu huwezi kutambua tamathali kwa kukariri orodha ya maneno. MV Liemba hali kadhalika. Iliposhushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915 ilikuwa meli mpya; mtu wa leo akisema "bibi yetu amechoka, anakohoa", anayemjua Liemba atacheka, asiyemjua atauliza bibi amelazwa wapi.

Hatua ya tano: ondoa, kisha rudisha

Hii ndiyo hatua iliyomkosesha kijana wangu alama 11. Kutaja si kueleza. Baada ya kuipata mbinu, iondoe, andika maneno ya kawaida mahali pake, soma tena, uone kilichopotea.

"Watoto sita wa kwetu wanangoja bahati ya ziwa." Maana ni ileile. Kilichopotea ni nini? Watoto wana majina, wanacheza, wanalia, wanaenda shule. Tumbo lina njaa tu. Mvuvi aliye majini saa nane za usiku hawaoni watoto wake kama watoto, anawaona kama matumbo ya kujaza, na kuna uchungu ndani ya hilo ambao neno "watoto" halina. Hayo ndiyo ya kuandika kwenye karatasi ya majibu.

Fanya hivyo kwa kibwagizo. "Karabai zaitana, na ziwa linasikia." Ubeti wa kwanza ni picha nzuri, taa zinawaka moja baada ya nyingine juu ya maji kana kwamba zinajibizana. Ubeti wa pili ni faraja, kuna baridi na upepo lakini hatuko peke yetu. Ubeti wa tatu? Mwezi ni mpevu. Hakuna kazi. Karabai ziko nyumbani, zimetundikwa. Basi zinaitanaje? Ama mvuvi anakumbuka, ama anaota, ama ni kinaya kichungu: taa zinaitana ukutani na ziwa "linasikia" lakini halitoi kitu. Maneno hayajabadilika hata silabi moja, maana imegeuka. Ndiyo maana nilisema kibwagizo huwaponyoka watu. Wanakisoma mara ya kwanza, na mara mbili zinazofuata wanakiruka.

Niliwahi kumsomea mzee mmoja mvuvi shairi hili pale mwaloni. Baada ya shikamoo na marahaba akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, siku hizi ni taa za sola, karabai zimebaki chache." Nikaanza kujitetea. Akanikatiza: "Usibadilishe. Hata ya sola sisi tunaiita karabai." Jina la chombo cha zamani limekalia kiti cha kipya. Mzee alikuwa ameniongezea tamathali niliyokuwa sijaiona kwenye shairi langu mwenyewe.

Hatua ya sita: shairi lisipokuwa na vina

Kuanzia miaka ya 1970 kulikuwa na mabishano makali kama shairi lisilo na vina na mizani ni shairi. Leo utakutana na yote mawili kwenye mtihani, kwa hiyo mabishano hayakuhusu sana. Katika shairi huru tafuta sauti kwingine, na hasa pale mstari ulipokatwa. Soma huu mfano wangu:

Treni imefika.
Imeshusha watu,
magunia,
kuku wawili,
na baba yangu
hakushuka.

Hakuna kina cha kutafuta. Lakini "sh" ya "imeshusha" inarudi katika "hakushuka", na mara ya pili inauma. Mistari ni mifupi, mzigo unazidi kuwa mdogo, mpaka kuku wawili. Na ukisoma "na baba yangu" ukapumua mwishoni mwa mstari, kwa nukta moja unaamini kwamba ameshuka. Ule mkato ndio uliokudanganya. Ungeandika "na baba yangu hakushuka" kwenye mstari mmoja, udanganyifu ungekufa.

Hatua ya saba: kuandika jibu

Hapa sina mengi. Chagua mbinu nne au tano zenye uzito badala ya 14. Kwa kila moja taja jina, nukuu maneno machache yenye ushahidi, eleza kwa nini ni mbinu hiyo, kisha sema inafanya nini kwa msomaji au kwa maudhui. Mfano: "Mshairi ametumia mubaalagha anaposema 'Macho yamenimwagia, Malagarasi ya kwetu'. Mto hauwezi kutoka machoni, lakini Malagarasi humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, kwa hiyo machozi ya mvuvi yanaonekana kuishia katika ziwa lilelile lililomnyima riziki." Sentensi moja au mbili baada ya nukuu zinatosha.

Zoezi la kumalizia

Nimekuwekea ubeti mmoja kuhusu miembe mikongwe ya Ujiji. Usome kwa sauti kwanza, gonga meza, kisha pita hatua zote.

Miembe mizee kwetu, yasimulia ya kale,
Kivuli ni nyumba yetu, haina kodi milele,
Pu! pu! pu! vichwani mwetu, embe zatuita: Tule!
Shuka mgeni ushuke, hapa ni mwisho wa reli.

Hakikisha mizani inatimia 16 kila mshororo, na ukifika "mgeni" usiisahau ile m. Angalia ni sehemu gani ya ubeti ambayo hakimu wetu angeipitisha kuwa kweli tupu. Amua kama "mwisho wa reli" hapa ni taarifa au tamathali, na utetee uamuzi wako kwa maneno yaliyomo kwenye ubeti, si kwa unachokijua kuhusu Kigoma. Kisha rudi kwenye "Tule!" Wanafunzi wangu waligawanyika. Upande mmoja ulisema ni embe zinasihi ziliwe. Upande mwingine ukasema ni sisi tuliokaa chini ya mwembe tunaambizana tuanze kula. Sarufi inakubali zote mbili. Wewe unamsikia nani?